Begi la Kijani Lililorudi na Pini

Mwaka umezunguka, Pini wetu, tangu gari la jeshi lirudi kinyumenyume mpaka mlangoni petu na kukushusha ukiwa umefunikwa bendera. Uliondoka kwa miguu yako, begi begani, ukimtania Mama kwamba safari hii utarudi umerefuka. Ukarudi mabegani mwa wenzako, na begi lako likifuata nyuma, mkononi mwa askari ambaye hakuthubutu kutuangalia usoni.

Wanaosoma hapa hawakukujua wote, basi tukueleze kidogo nao wasikie.

Ulikuwa mtoto wa kwanza wa nyumba ya madobi. Mama anafua, Baba anapiga pasi, mdogo wako anakunja na kufunga. Wewe ulifanya kazi zote tatu kabla hujaingia jeshini, na ulizifanya huku ukiimba vibaya. Ulikuwa mfupi, mwembamba na mkali wa maneno, ndiyo maana mtaa mzima ukakuita Pini. Hukukasirika. Ulisema, "Pini ikipotea ndani ya nyumba, kila mtu anatembea kwa adabu."

Ulikuwa na huruma. Yule mama mkunga mstaafu wa mtaa wa nyuma hakuwahi kuja kuchukua nguo zake mwenyewe. Ulimpelekea, ukamtandikia na kitanda kabisa. Ulipenda machungwa kupita kiasi, na mbegu ulizitia mfukoni kwa sababu Mama hataki takataka uani. Kisha Mama akizikuta mfukoni wakati wa kufua anapiga kelele mpaka jirani anachungulia: "Mtoto huyu! Nimemwambia mara ngapi?" Nawe ulimjibu, "Mama, uani ulikataza, mfukoni hukusema."

Nyumba yetu ina sheria moja ambayo hata mgeni huijua. Mfuko kwanza. Nguo haigusi maji kabla mifuko yake haijageuzwa nje. Na kila mteja ana uzi wake wa rangi, tunaushona mahali pasipoonekana, nguo zisichanganyike. Hayo ulizaliwa ukayakuta, na mdogo wako vilevile.

Mdogo wako ndiye uliyempa jina la Sungura, kwa sababu mteja akibisha hodi yeye hupotelea nyuma ya mashuka. Katika nyumba hii wewe ndiye uliyekuwa mdomo wake. Mteja akimuuliza kitu, alikuangalia wewe, nawe ukajibu.

Siku ile ulipoletwa, ofisa alivua kofia akasema kwa upole, "Tunawaomba msifungue." Gari lenu lilikuwa limekanyaga bomu lililofukiwa barabarani, mkitoka kuchota maji ya kambi, huko mlikotumwa kulinda amani. Tulielewa. Mama aliweka kiganja juu ya kifuniko cha jeneza na kukiacha hapo mpaka watu wakamshika mkono. Baba aliomba naye abebe, wakamwachia nafasi ya mbele. Alipoinua alinong'ona, "Ni mzito." Hakulisema tena neno hilo. Sungura alikuwa nyuma yake, akalisikia.

Begi lako la kijani lilipandishwa juu ya kabati na kufuli lake dogo. Ufunguo Baba akautundika kwenye msumari karibu na meza ya pasi. Hakuna aliyeugusa.

Ndipo simu ikapigwa. Wenzako wa kikosi wamemaliza zamu, wamerudi nchini, wanaomba kuja siku ya mwaka wako watoe heshima zao. Baba alikata simu akabaki ameishika.

"Vitu vyake vipangwe mezani," alisema. "Waje waione nyumba iliyomlea."

"Sungura apange," Mama akasema. "Mimi mikono yangu haiwezi."

Basi mdogo wako akaanza na bati la biskuti, lile unalolijua, maana hilo halina uchungu sana. Filimbi yako ya shule iliyomkosesha Baba usingizi wa mchana. Mkanda wako wa kwanza wenye matundu uliyotoboa mwenyewe kwa msumari. Picha ya siku ya kiapo, umesimama mbele kabisa, kifua nje, na miguu ya suruali imekunjwa mikunjo mikubwa kwa sababu ghala halikuwa na saizi yako. Shangazi alipoiona picha alicheka mpaka akakaa chini.

"Huyu aliapa kulinda nchi au kulinda suruali isidondoke?"

Hata Mama alitabasamu, akachukua beseni akatoka kwenda kuanika. Sungura akaona hapo ndipo pa kulifungua begi, kabla moyo haujapoa.

Lilitoa harufu ya sabuni tusiyoitumia sisi. Juu kabisa kulikuwa na suruali ya jeshi, safi, imekunjwa vizuri. Akaikunjua, akajiwekea kiunoni. Yeye ni mrefu kuliko wewe, ulikuwa ukilalamika kila sikukuu kwamba amekuibia urefu. Miguu ya ile suruali ilipita vidole vyake ikalala sakafuni.

Akaiweka pembeni. Akatoa shati. Wewe ungeingia humo ndani na mwenzako, na nafasi ikabaki. Akatoa lingine, kola pana. Akatoa fulana ya mtu wa kifua kipana. Kila alichokitoa kilikuwa cha mtu mwingine, na chini kabisa, chafu, likiwa limeviringishwa, palikuwa na shati moja tu la kipimo chako.

Mtoto wa dobi anajua la kufanya. Mfuko kwanza. Aliweka vidole kwenye mfuko wa ile suruali ndefu, mkono ukakataa. Itakuwaje akikuta humo picha ya mama wa mtu mwingine? Akazirudisha nguo zote kama zilivyokuwa, akafunga kufuli, akatundika ufunguo.

Tangu hapo hakukaa kwa amani. Kama begi si lake, mwili je? Waliofunga begi ndio waliofunga jeneza. Baba alisema ni mzito, na wewe hukuwa mzito, Pini. Mama alikuwa akikubeba kwa mkono mmoja mpaka umefika umri wa kuona haya. Sungura aliwaza Mama anavyokwenda kila wiki kung'oa majani kwenye kaburi, anavyolisemesha. Akawaza kwamba labda mahali fulani kuna mama mwingine anamngojea mwanawe, na huyo mwana tunaye sisi.

Kisha likaja wazo baya zaidi, na lilikuwa baya kwa sababu lilikuwa tamu. Kama si wewe uliye pale, basi uko wapi? Mlango ukilia, aliacha kujificha. Alikimbilia kutazama. Wateja walishangaa: Sungura amepatwa na nini, siku hizi anatoka nje?

Kazi ikamharibikia. Mwalimu mkuu alirudi na furushi lake la nguo amekunja uso.

"Binti, mimi nimekuletea mashati ya kazini. Hii ni aproni ya muuza nyama."

"Samahani, mwalimu."

"Ningejua mapema ningeivaa. Darasa langu lingenyamaza."

Na muuza nyama naye akaja mbio, amevaa shati la mwalimu mkuu lililombana, anauliza kama tunadhani amepungua. Shangazi akamwangalia mdogo wako kwa jicho la pembeni.

"Wewe, hiyo shuka unaikunja au unaizika? Una mchumba?"

"Sina, shangazi."

"Basi una minyoo. Kimojawapo lazima."

Alitaka kumwambia. Alitaka kumwambia mtu yeyote. Jioni moja Baba alikuwa anapuliza mkaa wa pasi, na Mama yuko uani. Sungura akasimama upande wa pili wa meza.

"Baba. Lile jeneza."

Pasi ilisimama juu ya kitambaa. Ikakaa pale mpaka harufu ya kuungua ikaanza, na Baba, ambaye kwa maisha yake yote hajamchomea mteja nguo, akaiinua akiwa amechelewa.

"Lilikuwa zito," alisema bila kuuliza lolote.

Wakatazamana. Mdogo wako akajua kwamba mwaka mzima Baba amekuwa akilibeba lile jeneza peke yake.

"Usimwambie mama yako," Baba akasema. "Huyu mama ana mahali pa kwenda kulia. Ukimnyang'anya hapo, utampa wapi?"

Basi wakawa wawili wenye siri moja, na nyumba ikawa nyembamba. Baba akisikia gari barabarani anasafisha koo. Sungura akiosha vyombo anahesabu maneno ya kuwaambia askari watakapokuja, kisha anayameza. Angewezaje? Yeye hata kumuuliza mteja jina lake ni kazi. Na kama angewauliza, wakababaika, wakatazamana? Afadhali nini: kujua au kutojua? Usiku na mchana swali ni hilohilo. Alikuita wewe moyoni uje umsemee, kama zamani, na papo hapo akakumbuka ni nani anayemwita.

Siku ikafika. Wenzako walikuja wamevaa rasmi, viatu vinang'aa, na Baba akatazama pasi za mashati yao akanyamaza kwa adabu. Mmoja alikuwa mrefu kiasi kwamba aliingia mlangoni kwa kuinama, akaendelea kuinama hata ndani, kwa tahadhari. Wenzake walimwita Mlingoti.

Tulianza na kaburi. Walisimama mstari mmoja, wakapiga saluti kwa pamoja. Mama alisimama na kile kitambaa anachojifunga kiganjani aking'oa majani. Sungura hakuangalia kaburi. Alikuwa anaangalia nyuso za askari, moja moja, akitafuta kama kuna mwenye wasiwasi. Baba naye alikuwa akiwaangalia vilevile.

Tukarudi nyumbani. Mezani kulikuwa na filimbi, mkanda, picha ya kiapo na medali yako waliyotuletea. Waliiona picha wakacheka, wakasema hukubadilika. Shangazi akagawa chai. Kila kitu kilikuwa kinakwenda vizuri, na mdogo wako akaanza kudhani kwamba itapita hivihivi, watakunywa, wataaga, na yeye atazeeka na lile swali.

Mama akaitazama meza.

"Na vya kwenye begi?" akauliza. "Mbona sivioni?"

Baba akakohoa. "Mama Pini, hivyo tutaviangalia baadaye."

"Baadaye lini? Wenzake wako hapa leo."

Sungura alikwenda akalishusha begi. Miguu ilimpeleka yenyewe. Alilifungua mbele ya watu wote, akatoa ile suruali ndefu, akaishika kwa ncha za vidole. Hakukuwa na mtu wa kumtazama ajibu badala yake.

"Nguo hizi si zake," akasema.

Sauti ilitoka ndogo, lakini ikatosha.

"Sungura," Baba akasema.

"Si zake, Baba. Na kama hizi si zake..." Akavuta pumzi. "Tuliyemzika pale ni nani?"

Shangazi aliweka birika chini. Mama hakusogea. Hakuonekana kushtuka, na hilo ndilo lililomtisha mdogo wako kuliko yote.

Mlingoti alikuwa amesimama. Alisahau dari, akajigonga kwenye boriti, wala hakujali. Akaipokea suruali kutoka mikononi mwa Sungura, akajipima. Ilimfika kwenye kifundo cha mguu, sawasawa.

"Hii ni yangu," alisema taratibu. "Dada, hii ni suruali yangu."

Akatia mkono mfukoni, akaugeuza mfuko nje. Chini kabisa ya mfuko, ndani kwa ndani, palikuwa na mishono midogo ya uzi wa njano yenye fundo la kukaza mara mbili. Fundo la nyumba hii.

"Kule tulimwita Dobi," Mlingoti akasema. "Siku ya mapumziko sisi tunalala, yeye anafua. Tulimkataza. Alisema mikono yake ikikaa bure inaota ukungu. Kila mmoja wetu alikuwa na rangi yake, akaificha mfukoni ili sajini asione. Mimi alinipa njano. Alisema ni ya wateja wasumbufu."

"Ni kweli," Mama akasema polepole. "Njano ni ya wasumbufu."

"Nguo zetu zilikuwa zimeshakauka. Alizikunja asubuhi ile, akazitia kwenye begi lake zisiingie vumbi, akasema, nikirudi na maji nitawagawia. Sisi tulipofunga vitu vyake hatukugusa ndani. Tuliona haya kupekua, hata kutafuta nguo zetu wenyewe."

Wenzake wakasogea. Mmoja akageuza mfuko wa shati pana, akakuta uzi wa bluu, akakaa chini palepale na shati lake magotini kama mtu aliyepewa mtoto. Sungura alitazama ile mifuko iliyogeuzwa. Sheria ya kwanza ya nyumba, ile anayoifanya hata akiwa nusu usingizini! Angeifuata siku ile ya kwanza, asingelala na hofu hata mara moja.

Lakini Baba alikuwa bado hajaridhika.

"Lilikuwa zito, mwanangu," alimwambia Mlingoti. "Yeye alikuwa mtu mwepesi."

"Ndani kuna jeneza jingine la bati, mzee. Wote husafirishwa hivyo. Hata sisi lilitulemea."

Baba alitikisa kichwa, akaendelea kukitikisa. Ndipo Mama akasema.

"Mlidhani mimi nililala usingizi? Mwanamke anaambiwa asifungue, halafu alale?" Alimgeukia Mlingoti. "Nani alimvalisha?"

"Mimi, mama. Niliomba nimvalishe mimi."

"Niambie kitu kimoja ulichokiona. Kimoja tu. Usiniogope."

Yule mtu mrefu alifikiri. Alipandisha mkono wa shati lake mwenyewe, akagusa juu kidogo ya kiganja cha kushoto, upande wa nje.

"Hapa," akasema. "Alikuwa na kovu dogo, limechongoka. Nilifunga kifungo cha mkono wa shati juu yake. Nakumbuka kwa sababu mkono huo ulikuwa mzima kabisa, umetulia tu."

Mama akapaangalia mahali pale kwa muda mrefu. Kisha akapandisha mkono wa gauni lake. Baba akafungua kifungo chake. Sungura hakuhitaji, alikuwa na mikono wazi. Kila aliyekulia kwenye meza ile ameonjwa na ncha ya pasi, pale pale, siku anapojifunza kunyoosha kola.

Mlingoti aliyaangalia makovu matatu, akafunika uso.

Ni wewe, Pini. Uko nyumbani. Yule ambaye Mama anamsemesha ni wewe, na majani anayong'oa ni ya kwako. Mdogo wako alijua saa ile kwamba mlango hautalia tena kwa ajili yako, na ilimuuma upya kama siku ya kwanza. Lakini alikaa kwenye kiti. Ilikuwa mara ya kwanza kwa siku nyingi kukaa bila kutega sikio nje.

Tuliwagawia wenzako nguo zao. Baba hakukubali waondoke nazo na mikunjo ya mwaka mzima, akawasha mkaa, akazinyoosha moja moja huku askari wamepanga foleni kama wateja, na Shangazi akiwauliza nani ana mke na nani hana, kwa faida ya mtu ambaye hakumtaja ila alimtazama. Sungura akakunja. Kila aliyepokea alisema jina lako la kule.

Ikabaki fulana moja ya uzi wa kijani. Hakuna aliyenyoosha mkono. Mlingoti akasema ni ya dereva, aliyekuwa nawe kwenye gari. Sungura ndiye aliyeuliza, kwa mdomo wake mwenyewe, "Mama yake anaishi wapi?" Imeshakunjwa, Pini. Mlingoti atampeleka mdogo wako na Mama wakaikabidhi.

Wenzako walipoondoka, lilikuwa limebaki lile shati lako, chafu, lililoviringishwa chini ya begi. Ulifua za wote, yako ukaiacha. Mama alilichukua yeye, mikono ile iliyosema haiwezi. Alilikunjua. Akafanya kama anavyofanya kila siku. Akaingiza vidole mfukoni, akageuza.

Zikadondoka mbegu za machungwa.

"Mtoto huyu!" Mama akapiga kelele, na jirani akachungulia. "Nimemwambia mara ngapi?"

Tulicheka, Pini. Baba alicheka ameegemea meza. Mama naye alicheka, akaendelea, kisha kicheko kikageuka, akalia kwa sauti, kilio ambacho hakukitoa siku ulipoletwa wala siku yoyote mwaka huu. Sungura alimshikilia. Hakuna aliyemwambia anyamaze.

Shati lako hatujalifua. Limekaa ndani ya bati la biskuti pamoja na filimbi na mkanda, na mbegu zimerudishwa mfukoni, kwa ruhusa maalumu.

Pumzika, dobi wa kikosi. Wateja wako wote wamepata nguo zao.

Tunaokukumbuka ni sisi: Baba yako na pasi yake, Mama yako, Shangazi asiyenyamaza, wenzako wa kikosi wenye nyuzi zao mifukoni, yule mama mkunga wa mtaa wa nyuma ambaye sasa kitanda anatandikiwa na mdogo wako, na Sungura mwenyewe, ambaye siku hizi mteja akibisha hodi huenda kufungua.

Hutatutoka moyoni, Pini. Kila mfuko tutakaougeuza katika nyumba hii, tutakukumbuka.